Njia ya mtoto wa kwanza: Mkunga anapima nini, na familia ielewe nini

Kila familia inayosubiri mjukuu wa kwanza huijua hali hii. Binti ameshikwa na uchungu tangu alfajiri. Kabla ya adhuhuri amefikishwa zahanati, mkunga amempima, kisha amesema: "Bado, njia ina sentimita tatu." Baada ya alasiri anapimwa tena. Usiku unapoingia neno linabadilika: "Huyu apelekwe hospitali." Nje, kwenye benchi, mama mzazi anauliza kwa nini mwanawe anapimwa mara kwa mara. Mama mkwe anasema wanawe wote aliwazaa nyumbani. Mume anahesabu nauli ya gari.

Sisi katika kamati ya msikiti tumeletewa maswali ya namna hii mara nyingi, baada ya swala na katika darsa za akina mama, na familia za Ngara mjini na za vijijini. Tumeona ni wajibu kuyajibu kwa kirefu katika ukurasa huu, kwa sababu katika saa hizo kauli ya familia inaweza kuokoa nafsi mbili au kuzipoteza.

Uislamu haujaudharau uchungu wa uzazi. Sura ya 19 ya Qur'ani inatueleza jinsi Bibi Maryam alivyofikwa na uchungu akiwa peke yake, akaegemea shina la mtende, na jinsi Mola wake alivyompa maji, tende na maneno ya kumliwaza. Katika mafundisho ya Mtume Muhammad (s.a.w.), mama anayefariki kwa uzazi amehesabiwa miongoni mwa mashahidi. Lakini tuelewane hapa: daraja hiyo ni faraja kwa waliofiwa. Haikuwa kamwe ruhusa kwa walio hai kuzembea.

Jambo kuu tunalotaka msomaji aondoke nalo ni hili: safari ya uzazi haipimwi kwa ukubwa wa kilio cha mzazi wala kwa subira ya walio nje. Hupimwa kwa mambo mawili, kufunguka kwa njia na kushuka kwa kichwa cha mtoto. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nao walisema kweli. Ila mzazi mwenyewe, hasa wa mara ya kwanza, hawezi kujua kwa hisia peke yake kama mtoto anashuka au amekwama. Ndiyo maana anahitaji mkono wa mtu aliyesomea kazi hiyo.

Kwa nini uzazi wa kwanza ni mrefu

Mlango wa kizazi wa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa ni mnene na umefungika. Kwanza hulainika na kuwa mwembamba, ndipo uanze kufunguka. Kwa aliyekwisha kuzaa, mambo hayo mawili huenda pamoja, na misuli ya njia imeshazoea kutanuka. Hivyo dada mkubwa aliyejifungua mtoto wa nne kwa saa chache si kipimo cha mdogo wake mwenye mimba ya kwanza.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limeigawa safari hii vizuri. Kuna kipindi cha mwanzo, njia inapofunguka taratibu hadi kufikia sentimita 5. Kipindi hiki hakina urefu maalumu, na hutofautiana sana kati ya mama na mama. Kisha huja uchungu wenyewe, kuanzia sentimita 5 hadi 10, ambao kwa uzazi wa kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12. Baada ya njia kufunguka yote, mtoto wa kwanza kwa kawaida huzaliwa ndani ya saa 3, na wanaomfuata ndani ya saa 2.

Kwa hiyo mkunga anaposema "bado" kwa binti mwenye sentimita tatu, hajampuuza. Amesema kwamba safari haijaingia katika hatua yake ya kasi. Kwa anayeishi karibu na kituo, pengine ataambiwa atembeetembee na apumzike. Kwa anayetoka mbali, juu ya milima yetu hii ambako mvua moja huharibu barabara, ni salama zaidi kubaki jirani na kituo kuliko kurudi nyumbani.

Jinsi mtoto anavyopita

Wapo wafasiri, kuanzia Ibn Abbas, walioifahamu aya ya 20 ya Sura Abasa kuwa inazungumzia mtoto kutoka tumboni mwa mama yake, kwamba ni Allah aliyeisahilisha njia hiyo. Anayejifunza ukunga huuona usahilishaji huo kwa macho.

Nyonga ya mama si bomba lililonyooka. Vitabu vya ukunga hukadiria kuwa sehemu yake ya juu ina upana wa kama sentimita 13 kutoka upande hadi upande, na kama sentimita 11 kutoka mbele hadi nyuma. Huko chini mambo hugeuka: nafasi kubwa iko mbele kwa nyuma. Basi kichwa, ambacho nacho ni kirefu kuliko kilivyo kipana, huingia kikiwa kimeelekea ubavuni, kisha hujizungusha kadiri kinavyoshuka, mpaka kisogo kinakuja mbele chini ya mfupa wa kinena. Mtoto hutoka uso ukielekea mgongoni mwa mama.

Tena mtoto huinamisha kichwa. Kidevu kikigusa kifua, kipimo cha kichwa kinachopita ni kama sentimita 9.5. Kichwa kisipoinama vizuri, kipimo hicho hufika kama sentimita 11.5. Sentimita mbili ni kidogo kwenye kitambaa cha fundi cherehani, lakini ndani ya nyonga ni tofauti kati ya kupita na kukwama.

Wakati mwingine kisogo huwa kimeelekea mgongoni mwa mama badala ya mbele. Mzazi wa namna hii mara nyingi hulalamika maumivu makali ya kiuno, na uchungu wake huwa mrefu. Si jambo la kutisha papo hapo, kwa sababu watoto wengi waliolala hivyo hujigeuza wenyewe uchungu unapoendelea. Wanaozaliwa wakiwa bado wameelekea hivyo, uso ukitazama juu, ni kama watano katika kila mia. Lakini mkunga akiligundua mapema huongeza uangalizi, na huwa tayari kama mtoto hakugeuka.

Mkono wa mkunga unajua nini

Kipimo cha kwanza hufanyika juu ya tumbo. Mkunga huweka vidole vyake juu kidogo ya mfupa wa kinena na kukipapasa kichwa. Kikiwa chote juu, kikienea upana wa vidole vitano, huandika tano ya tano. Kikishuka kiasi cha kubaki vidole vitatu, huandika tatu ya tano. Vikibaki viwili au pungufu, sehemu kubwa ya kichwa imekwisha kuingia nyonga. Kisipopapasika kabisa, ni sifuri ya tano. Kipimo hiki hakina gharama, hakihitaji umeme, na hakimdhuru mzazi.

Hapa tuondoe hofu moja. Mjamzito akiambiwa katika wiki za mwisho kwamba kichwa bado kiko juu, asidhani kwamba amehukumiwa upasuaji. Kwa wanawake wengi wa Kiafrika, hata wa mimba ya kwanza, kichwa huingia nyonga baada ya uchungu kuanza. Ni jambo la kufuatiliwa kliniki na siku yenyewe ya kujifungua.

Kipimo cha pili ni cha ndani, kile tunachokiita kupima njia. Mwongozo unataka kifanyike kila baada ya saa nne katika uchungu unaokwenda vizuri, si kila mtu anapopita. Kwa vidole mkunga hupima sentimita za kufunguka. Hutafuta pia mifereji ya fuvu na utosi wa mtoto. Utosi wa mbele ni mkubwa na una pembe nne. Ule wa nyuma, karibu na kisogo, ni mdogo na una pembe tatu. Kwa kujua upi uko wapi, hujua mtoto ameelekea wapi na kama ameinama vizuri.

Kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Kichwa kinapobanwa kwa muda mrefu, ngozi yake huvimba na mifupa ya fuvu huanza kupandana. Uvimbe ule unaweza kuteremka chini na kumfanya mtazamaji adhani mtoto anakuja, kumbe fuvu lenyewe liko palepale. Ndiyo maana mkunga mzoefu hatosheki na kipimo cha ndani. Huurudia mkono wake juu ya tumbo na kuuliza vidole vingapi vimebaki. Njia ikiwa haifunguki zaidi, kichwa hakishuki, na mifupa inazidi kupandana, hizo ni dalili kwamba mtoto amekwama, hata kama walio nje wameambiwa kwamba nywele zinaonekana.

Pamoja na hayo, husikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya kusikilizia au kwa mashine ndogo, kila baada ya robo saa hadi nusu saa. Moyo wenye afya hupiga mapigo 110 hadi 160 kwa dakika.

Chati iliyozaliwa Afrika

Vipimo hivi huandikwa kwenye karatasi yenye mistari iitwayo patografu. Historia yake inatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1955 daktari Emanuel Friedman wa New York alichora kwenye grafu uchungu wa wanawake 500 wa uzazi wa kwanza, akaonyesha kwamba kufunguka kwa njia kuna mwendo unaoweza kufuatiliwa. Lakini waliofanya grafu hiyo kuwa chombo cha uokoaji ni madaktari Philpott na Castle, waliokuwa wakifanya kazi katika mji unaoitwa leo Harare, Zimbabwe. Mwaka 1972 walitangaza matokeo yao, nayo yalihusu wanawake wa Kiafrika wa uzazi wa kwanza.

Tatizo lao lilikuwa kama letu. Walikuwa na wakunga katika vituo vya pembeni, na hospitali moja kubwa ya kupokea wenye shida. Swali lilikuwa: mkunga wa pembeni ajue vipi kwamba wakati wa kumpeleka mzazi umefika, kabla hajaharibikiwa? Walichora mstari wa tahadhari wa sentimita moja kwa saa, na mstari wa pili, saa nne mbele yake, wa kuchukua hatua. Aliyevuka mstari wa kwanza alisafirishwa, ili akifika mstari wa pili awe tayari mikononi mwa daktari. Kwa hiyo neno "apelekwe" anapolisema mkunga wa zahanati si kukiri kushindwa. Ndiyo kazi chati hiyo iliyoundiwa.

Shirika la Afya Duniani liliijaribu patografu kwa wanawake zaidi ya 35,000 nchini Indonesia, Malaysia na Thailand, na matokeo yakatangazwa mwaka 1994. Uchungu wa kupita kiasi, ule uliozidi saa 18, ulipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4, na watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu walipungua pia.

Elimu haikusimama hapo. Utafiti mwingine uliofanyika Uganda na Nigeria, uliotangazwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba wanawake wengi ambao njia yao hufunguka chini ya sentimita moja kwa saa hujifungua salama. Kwa sababu hiyo mwongozo wa sasa, na chati mpya iliyotolewa mwaka 2020, havimhukumu mama kwa mwendo wa sentimita moja kwa saa peke yake. Kwa familia, hili lina faida mbili. Si kila uchungu wa polepole ni wa kisu. Na daktari akisema sasa ni upasuaji, hakutazama saa tu, bali ametazama njia, kichwa, moyo wa mtoto na hali ya mama kwa pamoja.

Gharama ya kuchelewa

Kichwa kikikaa kimekwama kwa saa nyingi, hubana nyama laini kati yake na mfupa. Nyama hiyo hukosa damu, hufa, na baada ya siku chache hutoboka. Mama hubaki akivuja mkojo, au hata haja kubwa, bila kuweza kujizuia. Hiyo ndiyo fistula. Wengi wanaoipata wamempoteza na mtoto pia. Baadhi yao huachwa na waume zao, na wengine huacha kuja msikitini kwa aibu. Tuseme wazi: fistula si laana wala si mkono wa mtu. Ni jeraha la uchungu uliocheleweshwa, nalo linatibika. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam na Bugando Mwanza zinafahamika kwa matibabu hayo.

Nchi yetu imepiga hatua. Tafiti za taifa zilikadiria vifo vya uzazi kuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16, na 104 mwaka 2022. Lakini kila mmoja wa hao 104 ni mama wa mtu.

Wataalamu wamezigawa sababu za kuchelewa katika mafungu matatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. La tatu ni dhamana ya vituo. La kwanza ni letu sote majumbani, na la pili tunaweza kusaidiana.

Maamuzi ya nyumbani na hukumu za dini

Baadhi ya ndugu husita kwa sababu wamesikia kwamba zamu ina tabibu mwanamume. Kanuni ya wanachuoni ni kumtanguliza tabibu mwanamke anapopatikana. Asipopatikana, hitaji la matibabu humruhusu mwanamume kuona na kugusa kwa kiasi kinachohitajika tu. Kumwacha mzazi akiteseka kwa kulinda stara, huku sheria yenyewe imetoa nafasi, si uchamungu.

Wengine husita kwa sababu hospitali zetu za siku nyingi wilayani, Murgwanza na Rulenge, ni za makanisa, moja ya Anglikana na nyingine ya Katoliki. Waislamu wa Ngara wamezaliwa na kutibiwa humo kwa vizazi. Matibabu ni matibabu, na shukrani kwa anayekutendea wema ni katika dini yetu.

Jambo jingine ni ruhusa ya mume. Mume akiwa safarini, au ng'ambo ya mpaka kwenye biashara, mzazi hukaa akisubiri simu yake. Tunawasihi waume: toeni idhini mapema, kabla ya tarehe ya kujifungua, mbele ya mama na mama mkwe, kwamba mkunga akisema apelekwe, apelekwe. Qur'ani, katika Sura Al-Baqara aya ya 195, inatukataza kujiingiza wenyewe katika maangamizi, na mahali pengine inatuelekeza kuwauliza wenye elimu tusiyoyajua. Mkunga ndiye mwenye elimu katika saa hiyo.

Kuhusu swala, katika madhehebu ya Shafi uchungu kuanza si nifasi. Mzazi huswali kwa kadiri awezavyo, hata kwa kukaa au kulala, mpaka ajifungue. Mwenye swali zaidi amwone sheikh wake mapema.

Yaliyo mikononi mwa familia

Kwanza, mjamzito wa mimba ya kwanza ahudhurie kliniki, na katika wiki za mwisho familia iulize mtoto ametanguliza nini. Anayetanguliza matako au aliyelala kingamo asisubiri uchungu akiwa kijijini.

Pili, asipewe dawa za kienyeji za kuongeza uchungu. Dawa hizo hazina kipimo, na zikikaza kizazi wakati kichwa kimekwama, kizazi kinaweza kupasuka.

Tatu, asihimizwe kusukuma kabla mkunga hajasema njia imefunguka yote, maana atachoka bure. Wala mtu yeyote asimkandamize tumbo ili mtoto ashuke.

Nne, aachwe atembee, akae au alale kwa ubavu anavyojisikia, anywe maji na ale kidogo kama mkunga hajamkataza, na akojoe mara kwa mara, kwani kibofu kilichojaa huzuia kichwa kushuka. Awe na mwanamke anayempenda pembeni yake, mwenye maneno ya upole na dua.

Tano, usafiri upangwe kabla. Serikali ina mpango wa M-mama, ambao hupokea simu bila malipo kwa namba 115 na kumtafutia mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura gari la wagonjwa au dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Namba hiyo iandikwe ukutani katika kila nyumba yenye mjamzito.

Nasi viongozi wa misikiti tuna sehemu yetu. Kila kamati inaweza kuwa na orodha ya wenye magari walio tayari kuitwa usiku, na akiba ndogo ya dharura ya uzazi inayotokana na sadaka za Ijumaa. Maimamu wanaweza kulisemea hili kwenye hotuba, mbele ya wanaume, kwa sababu ndio mara nyingi wenye kauli na wenye fedha. Kutawakali kwa Allah hakuondoi kufunga ngamia, kama alivyotufundisha Mtume wetu (s.a.w.).

Tunamuomba Allah awasahilishie akina mama wote walio katika uchungu, awape watoto wema wenye afya, na atujaalie sisi tulio nje ya chumba cha uzazi kuwa wepesi wa kusikia na wepesi wa kutenda. Amina. Wabillahi tawfiq.